Nani Alipanga Fanki?

Reli ilifika Kitale mwaka 1926. Walowezi wa Trans-Nzoia, wengi wao askari waliogawiwa ardhi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sasa waliweza kusafirisha mahindi yao hadi bandarini, na kwa fedha hizo wakajijengea maisha waliyoyaacha kwao: gofu, klabu, na dansi ya Jumamosi jioni. Mwafrika aliingia klabuni humo kama mpishi au mtumishi wa meza. Aliwaona watu wakishikana viuno na kuzunguka sakafuni, akarudi kwenye makazi ya wafanyakazi shambani na kuwasimulia wenzake.

Ng'ambo ya pili ya mto Nzoia, upande wa Bungoma, densi ilikuwa na sheria zake za tangu zamani. Wabukusu walicheza kamabeka, densi ya mabega, kwa mlio wa litungu, chombo cha nyuzi. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, mvulana aliyekaribia kutahiriwa alivaa shanga, akashika njuga za chuma ziitwazo chinyimba, akazunguka kwa wajomba na shangazi zake kuwaalika, huku kundi la vijana wenzake likimwimbia njia nzima. Hakuna aliyecheza ovyo. Wimbo ulikuwa na mwanzishaji wake, mwali alikuwa na wasindikizaji wake, na kila boma lilijua zamu yake ya kumpokea. Desturi hiyo ingali hai, na kila Agosti ya aina hiyo barabara za Kimilili, Chwele na Sirisia hujaa vumbi na nyimbo.

Kisha ikaja misheni. Waquaker kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, kazi yao ikaenea hadi Lugulu, na muumini wao alitakiwa kuacha pombe, tumbaku na ngoma. Wakatoliki wa Mill Hill, waliojenga kituo chao Kibabii, hawakuwa wakali kiasi hicho kuhusu pombe, lakini nao waliwatenga wavulana na wasichana kwa ukuta na kwa kengele. Basi shule ilipoingia nchi hii iliingia kama mahali pasipochezwa. Mtoto aliyeacha ngoma za kwao na kwenda bwenini alihesabiwa kuwa ameshika njia ya nuru. Historia ya burudani katika shule za sekondari za Kitale na Bungoma inaanzia kwenye katazo hilo. Nami naamini kwamba hatuwezi kuelewa mabaraza ya wanafunzi tuliyo nayo leo bila kufuata habari za densi, kwa sababu muda mrefu kabla ya sheria kumpa mwanafunzi kura, densi ilikuwa imempa kazi ya kuongoza wenzake.

Uongozi rasmi ulitoka kwingine kabisa. Thomas Arnold, mwalimu mkuu wa shule ya Rugby huko Uingereza kati ya 1828 na 1842, aliwapa wavulana wakubwa mamlaka juu ya wadogo ili shule ijiongoze yenyewe. Utaratibu wake ukasafiri na dola. Nchini Kenya uliota mizizi Maseno, shule iliyoanzishwa 1906, kisha Alliance, iliyofunguliwa 1926, na mtu mmoja aliunganisha shule hizo mbili: Carey Francis, aliyeongoza Maseno tangu 1928 na kuhamia Alliance mwaka 1940, akakaa huko hadi 1962. Wanafunzi wake walikuja kuwa walimu, na walipopewa shule za kuongoza wakabeba alichowafundisha: kiranja mkuu, kiranja wa bweni, kiranja wa bwalo, kiranja wa michezo, wote wakichaguliwa na walimu na kutangazwa mbele ya gwaride la asubuhi.

Kwa Mbukusu jambo hilo halikuwa geni, na halikuwa na kumbukumbu njema. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewaletea machifu kutoka ukoo wa kifalme wa Wanga, akiwemo Murunga, ndugu ya mfalme Mumia, aliyetawala upande wa Kimilili. Chifu wa namna hiyo alijibu kwa aliyemteua. Kabla yake ukoo ulimtegemea omugasa, mzee aliyesikilizwa kwa sababu alijua kupatanisha, na ambaye angepoteza sauti siku watu watakapoacha kumsikiliza. Kiranja wa bweni alifanana na chifu. Aliwaamsha wenzake alfajiri, akaandika majina ya wapiga kelele, akapewa chumba chake na wakati mwingine chakula chake, na usiku alilala akijua kwamba wapo wanaomchukia. Si kwamba wanafunzi walinyamaza tu. Mwaka 1908, Maseno ikiwa na umri wa miaka miwili, wanafunzi waligoma kwa sababu walitaka masomo ya vitabuni badala ya kazi za mikono. Mgomo wa shule nchini Kenya una umri karibu sawa na shule yenyewe.

Shule za sekondari za Bungoma zilipanuka katikati ya miaka ya 1950, Waquaker walipoanzisha Friends School Kamusinga karibu na Kimilili, chini ya Allan Bradley, mwalimu mkuu wake wa kwanza. Kibabii ilikua kando ya misheni yake. Baada ya uhuru, shule zilizokuwa za watoto wa walowezi mjini Kitale zilifungua milango, na wazazi wa pande zote mbili wakachanga fedha za harambee kujenga nyingine kila penye kanisa na uwanja wa mpira. Ukisafiri kwa barabara ya Webuye kwenda Kitale leo unapita Lugulu, unapita Misikhu, unafika Kamukuywa ambako njia ya Kimilili na Kamusinga inachepuka, unaendelea hadi Kiminini, kisha mjini ambako kuna St. Anthony's, shule ambayo kila shabiki wa mpira wa shule anaiita Solidarity. Ni uzi mmoja wa lami, na juu yake zimetungwa shule za wavulana na za wasichana moja baada ya nyingine. Jiografia hiyo ndiyo iliyozaa maisha ya kijamii ninayoyazungumzia. Shule zilikuwa mbali kiasi cha kuhitaji basi, na karibu kiasi cha kurudi kabla ya giza.

Katika miaka ya 1960 na 1970 mwanafunzi wa kidato cha sita alikuwa mtu mzima, au karibu mtu mzima. Wengi walikuwa na miaka 19 au 20, wengine zaidi, kwa sababu walianza shule wakiwa wamechelewa au walikaa nyumbani mwaka mzima wakitafuta karo. Shule iliweza kumkabidhi mtu kama huyo jambo lenye hatari. Vyama vilikuwa vingi: mdahalo, drama, Wanafunzi Wakristo Vijana kwa upande wa Wakatoliki, Umoja wa Wakristo kwa upande wa Waprotestanti, na tangu 1968 Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, ambavyo vilimpa kijana sababu halali ya kupanda basi kwenda kuona miti na ndege pamoja na watu wasiovaa sare kama yake. Na kilele cha vyote kilikuwa alasiri ya densi, ambayo vizazi vya baadaye viliiita fanki.

Fanki haikuota yenyewe. Ilianza na barua. Kapteni wa burudani wa shule ya wavulana aliiandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, akimwandikia mwalimu mlezi wa chama fulani katika shule ya wasichana. Barua haikutaja densi. Ilitaja mdahalo, kongamano la kemia, au ziara ya kirafiki ya chama, na mwishoni kulikuwa na mstari mmoja kuhusu burudani nyepesi baada ya chakula. Mwalimu mlezi alisoma mstari huo wa mwisho kwanza. Akikubali, barua ilikwenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akikubali, yalikuja masharti. Darasa moja tu, pengine kidato cha tatu au cha tano, kwa sababu cha nne na cha sita wana mtihani. Wasichana arobaini, walimu wawili. Kufika saa nane, kuondoka saa kumi na moja.

Hapo kazi ilimwangukia kapteni. Alikuwa na fungu dogo kutoka katika ada ya shughuli za wanafunzi, na fungu hilo lilipaswa kununua mikate na kreti za soda, kumlipa mwenye spika ikiwa shule haikuwa na chombo chake, na kubakiza kitu cha filamu ya mwisho wa muhula. Alikaa na kiranja wa bwalo kupanga meza zisogezwe wapi. Alikaa na kiranja wa usafi kuhusu choo cha wageni, jambo ambalo wavulana husahau kila mara na ambalo mwalimu wa kike huuliza kabla ya jambo lingine lolote. Aliteua wapokeaji wa wageni, akamtafuta mshereheshaji mwenye ulimi mzuri asiye na ulimi mchafu, na akapigana na orodha, kwa maana wavulana waliotaka kuingia walikuwa mara tatu ya nafasi. Orodha ndiyo iliyomfundisha siasa. Angewaweka rafiki zake, bweni zima lingejua kabla ya chakula cha jioni. Angetumia alama za mtihani, wangesema burudani imekuwa darasa. Wengine walipiga kura ya vikaratasi, na shule iliyokuwa haijawahi kumchagua kiranja kwa kura ikajikuta inachagua wachezaji wa densi kwa kura.

Wiki nzima kabla ya siku yenyewe bweni lilikuwa karakana. Suruali zilitandazwa chini ya godoro na kulaliwa ili zipate mstari. Viatu viliazimwa, tai ziliazimwa, na mafuta ya nywele yaliyofichwa sandukuni yaligawanywa kwa ncha ya kidole. Usiku wa Jumamosi iliyotangulia, meza za bwalo zilisukumwa pembeni na wavulana wakacheza wao kwa wao, mmoja akijifanya msichana kisha wakibadilishana, na mwanafunzi aliyetoka mjini akamfundisha yule wa Endebess hatua za rumba. Upande wa pili, mabweni ya wasichana yalikuwa na karakana yake, na katika jambo hili wasichana kwa kawaida waliwapita wavulana kwa mbali, kwa sababu wao walikuwa wakicheza pamoja kila Jumamosi bila kungoja mgeni yeyote.

Muziki ulikuja kwa santuri, baadaye kwa kanda. Bendi za Wakongo zilizohamia Nairobi, kama Super Mazembe na Les Mangelepa, zilisikika hadi Kiminini. Soul ya Marekani ilikuwa na wafuasi wake, na wapo waliodai omutibo, mtindo wa gitaa wa Magharibi, na nyimbo za litungu, lakini mara nyingi waliambiwa kwamba hizo ni za nyumbani. Hilo linanisikitisha hadi leo. Mtoto wa Bungoma alijiona mstaarabu akicheza hatua za Kinshasa, na akaona haya kutikisa mabega ya babu yake.

Kisha ulikuja ule muda ambao kila mtu anaukumbuka: wavulana wamesimama ukuta huu, wasichana ukuta ule, na sakafu tupu katikati. Kapteni wa burudani ndiye aliyelazimika kuvuka kwanza. Mwenye cheo hakuwa na pa kujificha. Asipovuka yeye, hakuna atakayevuka, na saa tatu za miezi miwili ya maandalizi zitapita watu wakitazamana. Sijui mtihani wa uongozi uliokuwa wa haki kuliko huo. Walimu walikuwa wamekaa kwenye viti karibu na mlango, taa zote zinawaka hata mchana, na nyimbo za polepole zilihesabiwa: mbili, basi. Saa kumi na moja wasichana walipanga mstari, wakahesabiwa wakipanda basi, wakahesabiwa tena wakiwa wameketi. Hesabu isipotimia kapteni hakulala.

Kilichobaki kilikwenda kwa posta. Barua zenye wino wa rangi mbili na poda iliyonyunyizwa ndani ya bahasha zilisafiri kati ya Kamusinga na Lugulu, kati ya Kitale na Misikhu, na mwalimu wa zamu alifungua alizozishuku. Muhula wa tatu zilikuja kadi za kutakiana heri ya mtihani. Idadi ya kadi juu ya dawati la mtahiniwa ilimwambia kila mtu alikuwa nani. Aliyekosa pesa ya stempu alituma salamu kwa kadi za redio, ambazo watu wa Magharibi wamezipenda kuliko pengine watu wote wa nchi hii.

Mabadiliko makubwa yalikuja kimyakimya, kwa njia ya mtaala. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mwaka 1989 kidato cha sita kilifanya mtihani wake wa mwisho na kutoweka. Pamoja nacho walitoweka wale watu wazima wa miaka 19 na 20. Kiranja mkuu sasa alikuwa na miaka 17, pengine 16, na walimu waliona hawawezi kumwachia wasichana arobaini na kreti za soda. Majira yenyewe hayakuruhusu mikusanyiko. Baada ya jaribio la mapinduzi la 1982 serikali iliwatazama vijana waliokusanyika kwa jicho baya, na mwaka 1987 chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU, kilipigwa marufuku. Mwalimu mkuu wa kijijini hakuhitaji waraka ili aelewe. Kidogo kidogo barua ya mwaliko ikawa inaandikwa na mwalimu, mikate inanunuliwa na karani, na kapteni wa burudani akabaki na kazi ya kubonyeza kitufe cha kanda.

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana waliokataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana 19 walikufa. Zaidi ya 70 walibakwa. Yeyote anayeandika kuhusu wavulana na wasichana katika shule za Kenya lazima asimame hapa, na asimame kwa muda. Jambo hilo halikutokea kwenye densi. Halikuhitaji muziki. Lilitokana na wavulana waliokuwa wamefundishwa, nyumbani na shuleni, kwamba hapana ya msichana si neno. Rais Moi aliunda kamati chini ya Lawrence Sagini kuchunguza utovu wa nidhamu, na wazazi na mameneja wa shule kote nchini wakachukua hatua iliyokuwa karibu na mkono: kuwatenganisha. Shule za mseto za bweni zikaanza kugawanywa, mialiko ikapunguzwa. Ninaielewa hofu yao. Lakini ukuta uliwalinda wasichana wakiwa ndani ya shule tu, na yule mvulana aliyehitaji kufundishwa namna ya kuzungumza na msichana kama mtu mwenye akili sawa na yake alimaliza miaka minne bila kuzungumza na hata mmoja.

Kwa Kitale na Bungoma mwaka huo uliisha kwa balaa jingine. Desemba mapigano ya kikabila yaliingia Trans-Nzoia na kuvuka hadi Mlima Elgon, na hadi 1993 familia zililala makanisani na shuleni. Wasabaoti na Wabukusu waliokaa dawati moja walirudi nyumbani kwenye pande mbili za moto. Mwalimu mkuu wa wakati huo hakuwa na usingizi wa kuwaza fanki.

Muongo uliofuata ulikuwa wa moto kwelikweli. Mei 1999, katika shule ya upili ya Nyeri, wanafunzi waliwafungia viranja wanne katika chumba chao na kuwachoma moto wakiwa wamelala. Wote wanne walikufa. Machi 2001 wavulana 67 waliangamia katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mauaji ya Nyeri yaliupasua mfumo wa Arnold hadharani. Chumba cha pekee, kile kile kilichokuwa heshima ya kiranja, ndicho kilichokuwa mtego wake. Mwaka huo wa 2001 viboko vilipigwa marufuku, na kamati iliyoongozwa na Naomi Wangai ikataka wanafunzi wahusishwe katika kuwachagua viongozi wao.

Pendekezo lilikaa miaka. Kisha ukaja 2008. Januari, Kitale ilikuwa imejaa wakimbizi wa ghasia za baada ya uchaguzi; upande wa Cheptais na Kopsiro, vita vya kundi la wanamgambo la SLDF, kisha operesheni ya jeshi mwezi Machi, viliacha mabweni matupu. Kufikia Julai mamia ya shule nchini yalikuwa yamegoma au kuchomwa. Waziri wa Elimu, Sam Ongeri, alipiga marufuku simu za mkononi shuleni na kuamuru vyombo vya muziki na video viondolewe katika mabasi ya shule. Mwaka uliofuata, 2009, wizara yake kwa ushirikiano na UNICEF ilianzisha Baraza la Wanafunzi wa Shule za Sekondari Kenya, na shule zikaagizwa kuacha viranja wa kuteuliwa na kuchagua baraza kwa kura. Muziki uliondoka, kura ikaingia, ndani ya miezi michache.

Sisemi kwamba kura haikuwa na maana. Aliyeiona siku ya kwanza ya uchaguzi katika shule ya bweni anajua ilivyokuwa: mabango ya karatasi za manila, hotuba kwenye gwaride, mgombea wa kidato cha pili akitetemeka magoti lakini hakai. Katiba mpya ya 2010 iliwapa msamiati, na shule zikapata rais, naibu wa rais, magavana wa mabweni na mawaziri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilimpa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi wa shule, nafasi ya kuhudhuria kwa cheo chake. Hatua hizo ni kubwa. Mwanafunzi wa mwaka 1926 hangeziota.

Lakini soma ahadi za wagombea. Maji ya moto asubuhi za Juni. Mkate wa Jumapili urudi. Kipindi cha mpira kwenye televisheni. Na karibu kila mwaka, katika shule nyingi, ile ahadi inayoshangiliwa kupita zote: fanki. Rais huchaguliwa kwa ahadi hiyo, huipeleka ofisini, na huambiwa haiwezekani. Miaka saba baada ya baraza kuanza, milango ilikuwa imezidi kubana. Mwaka 2016, baada ya wizi wa mitihani, Waziri Fred Matiang'i alifuta siku za wazazi kutembelea watoto, siku za maombi na likizo fupi katika muhula wa tatu. Rais wa wanafunzi alibaki na kazi za kiranja wa zamani: kuzima taa, kuandika wachelewaji, kuwanyamazisha wenzake wakati wa prepu. Amechaguliwa kama omugasa na anatumikishwa kama chifu. Wenzake wanaliona hilo haraka, na dharau ikishaingia haitoki.

Na vijana hawakuacha kucheza. Kote Bungoma, na katika mashamba ya Trans-Nzoia, likizo inapofika kuna disko matanga: spika na jenereta kwenye boma la msiba, muziki hadi alfajiri, ikisemwa kwamba ni kuchangisha fedha za mazishi au kuwaliwaza wafiwa. Wakuu wa utawala wameyapiga marufuku mara nyingi, machifu wameapa kuyafuata usiku, na walimu wa shule za wasichana wanajua ni madawati mangapi yatakosa mwenyewe muhula unapofunguliwa. Linganisha sasa. Katika fanki kulikuwa na barua, taa, walimu wawili mlangoni, nyimbo mbili za polepole, na mvulana wa miaka 19 ambaye hakulala hadi wasichana wote wahesabiwe. Disko matanga hayana anayehesabu. Tuliondoa densi iliyokuwa na kiongozi na kuwaachia watoto wetu isiyokuwa na kiongozi, kisha tukawalaumu wao.

Mahali pamoja ndipo densi ilipopona kwa heshima zote, napo ni jukwaani. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na lile la Drama mwaka 1959, yote mawili kwanza yakiwa ya Wazungu zaidi kuliko ya wengine. Leo shule za Bungoma na Kitale hupanda jukwaa na kamabeka, na hatua za kusindikiza mwali wa tohara zinafanyiwa mazoezi kwenye bwalo chini ya saa ya mwalimu. Ngoma iliyomfanya mtu atengwe na kanisa Lugulu sasa inaipatia shule kikombe. Tena tamasha ni mojawapo ya safari chache ambazo bado zinawakutanisha wavulana wa shule moja na wasichana wa nyingine kwa siku kadhaa, wakila pamoja na kushangiliana.

Aprili 2025, katika tamasha la kitaifa huko Nakuru, wasichana wa Butere kutoka Kakamega, jirani zetu, walifika na mchezo wa Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala. Shule yao ilikuwa imewahi kuzuiwa mwaka 2013 kwa sababu ya mchezo mwingine wa mwandishi huyo huyo, Shackles of Doom, hadi mahakama ikaamuru uruhusiwe. Safari hii Malala alikamatwa, na polisi walirusha vitoa machozi. Wasichana walitolewa asubuhi waigize bila mwelekezi wao na bila hadhira. Waliimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaondoka. Hakuna mtu mzima aliyewaongoza katika uamuzi huo pale sakafuni. Waliufikia wao, kwa pamoja, mbele ya watu wenye silaha.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, wa mtaala mpya, waliingia Kamusinga, Kibabii, Lugulu, St. Anthony's na shule zote za sekondari ya juu, wakikuta kidato cha tatu na cha nne vya mfumo unaokwisha. Kufikia mwisho wa 2027 wale wa 8-4-4 watakuwa wameondoka, na kila shule itaandika upya katiba ya baraza lake. Wakuu wa shule watakaosimamia uandishi huo wataamua nani anapiga kura na vyeo viitweje. Ningewaomba waongeze kifungu kimoja chenye fedha ndani yake: kwamba siku moja kila muhula ni ya baraza, na fungu lake, orodha yake ya wageni, muziki wake na hesabu ya basi lake, walimu wakiwa wamekaa karibu na mlango.